Kundi letu tumeitwa na lekchara kisa rejea ambazo hazipo duniani, na mimi AI naitumia kila siku kusomea. Alhamisi niseme nini?

Rau_madukani:

Wakuu habari za jioni. Chuo naomba nisikitaje, niseme tu ni Moshi, mwaka wa pili, mambo ya uhasibu na ushirika. Zimebaki siku tatu na usingizi hauji vizuri.

Iko hivi. Tulipewa asaimenti ya kundi, tuko sita, kuhusu historia ya vyama vya ushirika vya kahawa hapa Kilimanjaro, kuanzia ile KNPA ya 1925, inakuja KNCU ya 1933, mpaka leo hii. Tukagawana vipande kama kawaida, mimi nikaangukiwa na kazi ya kuunganisha. Sasa kuna jamaa yetu mmoja (mtu mzuri tu, simsemi vibaya) kipande chake kakileta kwenye grupu la WhatsApp saa tano usiku na dedlaini ni kesho yake saa mbili asubuhi. Nikafungua, nikaona kimenyooka, Kiingereza kimetulia kuliko chetu sote, chini rejea nne zimepangwa kama za profesa. Nikajua. Siwadanganyi, nilijua palepale hiki sio cha kwake maana huyu jamaa nimesoma naye tangu mwaka wa kwanza na Kiingereza chake nakijua kama ninavyojua changu, wote tunaungaunga tu. Lakini bando lilikuwa linaishia, macho yameshachoka, nikabandika hivyohivyo nikatuma.

Wiki iliyofuata lekchara kaingia na kazi yetu mkononi. Hakufoka. Kasoma rejea moja kwa sauti, jina la mwandishi, mwaka, jarida, halafu akauliza "hii kaisoma nani kati yenu?" Kimya. Akasoma ya pili. Kimya. Kwenye ya tatu kuna mtu huko nyuma akacheka, sio wa kundi letu. Akafunga karatasi akasema zote nne kazitafuta mwenyewe siku mbili, hazipo, na kwamba ukurasa wa tano tumeandika KNCU imefanya kazi bila kukatika tangu 1933, "sasa 1976 nyie mlikuwa mnakunywa kahawa ya nani?" Darasa zima likacheka. Tumeitwa ofisini kwake Alhamisi saa nne, mmojammoja.

Kinachoninyima usingizi ni hiki, mimi AI naitumia kila siku ya Mungu. Sio kuandikia, kusomea. Akiniuliza unatumia AI nikasema ndiyo ataniweka kapu moja na jamaa, nikisema hapana nitakuwa nadanganya na mimi uongo sijui kuubeba, mama anasema nikidanganya masikio yanabadilika rangi. Na mstari wenyewe uko wapi? Kwenye kitabu cha kanuni nimekuta wizi wa maandishi umeelezwa kurasa mbili, AI haijatajwa hata sehemu moja.

chalii_wa_sakina:

Sista kataa kila kitu. Mtu hafungwi kwa kunyoosha Kiingereza. Sema vitabu mliazima kwa babu mmoja Kibosho na saivi vimeliwa na mchwa.

Kalamu_nyekundu:

Chalii usimpoteze mtoto wa watu.

Mdogo wangu, mimi ni msahihishaji, niko chuo kimoja huku Arusha, kila muhula nabeba rundo la kazi za wanafunzi mpaka mke wangu anauliza kama nitalala nalo. Ngoja nikwambie upande wa pili wa meza ukoje.

Kwanza hizo rejea. Watu wengi mnadhani kile kitu kina maktaba ndani, ukiuliza kinaenda kabatini kinaleta kitabu. Hakina kabati. Kimepitishwa kwenye maandishi mengi mno na kilichobaki nacho ni mazoea ya maneno, neno gani huja baada ya neno gani, sasa ukikiomba rejea kinakutungia kitu chenye sura ya rejea. Mwandishi unaweza kukuta ni mtu wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaendana na mada, ila hiyo makala huyo mtu hajawahi kuiandika na hana habari. Ndio maana zinanasa watu, zingekuwa za ovyo ungeshtuka. Hizi za siku hizi zinazopekua mtandaoni kwanza zimepunguza tatizo, hazijalimaliza, unapewa linki ya kweli kabisa ukifungua unakuta ndani haisemi ulichoambiwa inasema. Na hili halijawapata wanafunzi wa Moshi peke yao. 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani kesi za mfano zilizotungwa na ChatGPT, shauri la abiria mmoja dhidi ya shirika la ndege la Avianca, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Mmoja wao alikuwa ameiuliza ChatGPT hiyohiyo kama kesi ni ya kweli. Ikamjibu ndiyo.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika tano. Kichwa cha makala kiweke kwenye Google Scholar kizima kizima ndani ya alama za kunukuu. Kama kuna namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala, zile zinazoanza na 10, ibandike doi.org uone inakupeleka wapi. Isipofunguka, au ikafungua makala ya ugonjwa wa samaki wakati wewe unaandika kahawa, unajua mlikotoka.

Pili 1976. Mwaka ule serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kazi zao zikaenda kwa mamlaka za mazao na vijiji, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Hili mzee yeyote wa Kibosho au Machame aliyewahi kubeba gunia la kahawa atakwambia bila kufungua kitabu, tena atakwambia kwa hasira. Mashine imeruka kwa sababu hadithi ya "tangu 1933 mpaka leo" inatiririka vizuri. Nyie mmeruka kwa sababu hamkusoma. Msahihishaji akikutana na kitu kama hicho hahitaji programu ya kumwambia.

Kuhusu kanuni kutotaja AI, usiende nayo hiyo Alhamisi, nakuomba. Kuweka rejea ya kitabu ambacho hujakiona lilikuwa kosa hata enzi tunaandika kwa mkono. Na mstari unatofautiana kozi na kozi, kuna mwalimu anaruhusu kunyoosha sarufi, kuna mwingine hata hilo hataki, kwa hiyo anayeulizwa ni mwalimu wa kozi, kabla, sio baada. Ukiruhusiwa, mwisho wa kazi unaandika mstari mmoja tu, nimetumia kitu fulani kwa shughuli fulani, yamekwisha.

Ila wewe umesema unaisomea. Wengi wakisema hivyo nikiwauliza wanaisomeaje wanaishiwa maneno. Hebu tueleze.

Rau_madukani:

Shikamoo mwalimu, na asante sana kwa muda wako.

Naisomea hivi. Muhula uliopita kuna mada ya uchakavu wa mali ilinitesa, testi ya kwanza nikapata 11 kwa 30. Nikaanza kukiambia kinifundishe. Kinaeleza vizuri mno, mimi naitikia tu ndiyo ndiyo, nikizima simu kichwani hakuna kitu, ni kama umesikiliza redio unapika. Dada mmoja wa mwaka wa tatu hapa tunapopanga akaniambia mdogo wangu kigeuze, kiambie kikuulize wewe na jibu kisikupe.

Siku ya kwanza naikumbuka, nimekaa kitandani, umeme umekatika, simu ina asilimia thelathini. Kikaniletea mashine ya kumenya kahawa ya milioni 12, uchakavu asilimia 20 kwa njia ya salio linalopungua, mwaka wa pili ni shilingi ngapi? Nikaandika 2,400,000 fasta, najiamini. Kikasema hiyo ni ya mwaka wa kwanza, je mwaka wa pili unaanza na thamani gani? Nikarudia 2,400,000 maana hata swali sikulielewa. Kikaja tena taratibu, ukiondoa uchakavu wa mwaka wa kwanza, kwenye vitabu mashine imebaki na thamani gani? Hapo ndo nikanyanyuka kutafuta karatasi na tochi. 12 toa 2.4, inabaki 9,600,000, asilimia 20 yake 1,920,000. Mwaka wa tatu nikaupata mwenyewe bila kuulizwa mara mbili, 1,536,000.

Yaani mwalimu nilikuwa napiga asilimia 20 ya milioni 12 kila mwaka!! Kosa lilelile nililofanya kwenye testi, na karatasi ilirudi na mkasi mwekundu tu, nikawa nafikiri uhasibu umenikataa.

Halafu swali lililofuata chenyewe kikachemka. Kikasema jumla ya uchakavu wa miaka mitatu ni 5,956,000, mimi kwenye kalkuleta napata 5,856,000, nikapiga mara tatu. Nikakiambia, kikaomba radhi kikasema niko sahihi. Tangu siku hiyo kalkuleta haitoki pembeni. Ila swali langu liko palepale, hii nayo nikiisema si itaonekana nimekiri?

Kalamu_nyekundu:

Marahaba. Hiyo hadithi ya 5,956,000 usiiache nyumbani Alhamisi. Mazungumzo yenyewe bado yako kwenye simu? Yasifute.

Mama_wa_Tengeru:

Jamani na mimi nichangie, nimerudi chuo nina miaka 42 na watoto wangu wawili wako sekondari, kwa hiyo naomba mnivumilie kama naandika kwa mzunguko.

Utafiti wangu ni wa wakulima wa mbogamboga huku Tengeru, nimewahoji kwa Kiswahili, ripoti inatakiwa Kiingereza. Msimamizi wangu karuhusu nitumie AI kutafsiria lakini akasema rekodi asili zibaki na kila sentensi niipitie. Nikaona anapenda kusumbua wazee. Kumbe! Mkulima kanieleza anafika sokoni saa kumi na mbili asubuhi, tafsiri imeandika anafika saa sita mchana. Mwingine anaanza kumwagilia saa kumi na moja alfajiri, imegeuka saa tano ya mchana, jua la utosi, mkulima gani huyo anamwagilia mchicha saa tano? Ningeipeleka hivyo ripoti yangu ingesema wakulima wa Tengeru hawajui kilimo.

Lakini saa nilizirekebisha haraka, kilichonitia hofu ni kingine. Kuna mama wa Patandi alisema, nanukuu kwenye daftari langu, "bei ya dalali inaniua mwanangu, anakuja na bei yake mfukoni." Tafsiri ikasema mkulima ameathiriwa na mabadiliko ya bei sokoni. Dalali hayupo tena! Kapotea! Na utafiti wangu mzima unahusu dalali. Kila aliyelalamika kwa ukali kanyooshwa mpaka amekuwa mtu wa semina. Nimerudia mahojiano yote 22 kwa mkono, imenichukua wiki mbili, mume wangu anapika.

Mwanangu wa Rau, mwalimu wako mwambie ukweli tu.

Karatasi_na_wino:

Mimi chuo sijasoma, nauza karatasi. Nina steshenari mita chache kutoka geti la chuo kimoja hapa Moshi, kuprinti, kutoa kopi, kubaindi, kila kitu. Kwa hiyo kazi zenu nazisoma kabla ya lekchara, wala sijifichi, mashine ikiwa inatema karatasi mimi macho nayapeleka wapi.

Kuna kijana alikuja saa moja na nusu asubuhi anahema, flashi mkononi, nikamprintia kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa mwisho chini kabisa pameandikwa kwa Kiingereza kitu kama hii hapa insha yako iliyoboreshwa, je ungependa niifanye ndefu zaidi? Nikamwambia kijana, umesahau kutoa kwaheri ya mashine. Akaisoma, akaniangalia, akaniomba kalamu aifute! Nikamprintia upya bure, nilimwonea huruma.

Sasa hivi kuna biashara nyingine imeingia, wanaita kuhumanaizi. Wenzangu wawili wanaifanya, elfu tano kwa kazi. Wanachukua maandishi ya AI wanayapitisha kwenye programu nyingine inabadilisha maneno ili yaonekane ya mtu. Matokeo yake nimeyaona. Mazao ya biashara yamekuwa kama mimea ya hela. Chama cha ushirika kimekuwa kikundi cha urafiki. Mwanafunzi analipa elfu tano kuharibiwa kazi ambayo hata hivyo haikuwa yake, na mimi nikisema wananiambia mangi una wivu wa biashara.

chalii_wa_sakina:

kikundi cha urafiki cha kahawa hahahaha nimejiunga

Wodi_ya_tatu:

Mfupi tu maana niko zamu. Mnaosoma afya, kesi ya mgonjwa msiibandike kwenye AI. Kuna mwenzetu alipiga picha faili zima, jina, kijiji, namba ya simu ya ndugu, akaitupia humo imsaidie kuandika kesi ya kuwasilisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kundi la taarifa nyeti. Ukitaka kujifunza ugonjwa uliza ugonjwa, mgonjwa muache wodini. Hata ukitoa jina, "mwanamke wa miaka 34 wa kijiji fulani mwenye tatizo hili adimu" kijijini kwao wanamjua ni nani.

Kijenge_juu:

Nyie wote mnaongea kama vile anayekamatwa lazima ana kosa. Mimi kazi yangu niliiandika kwa mkono kwanza, kwenye daftari, ndio nikachapa. Programu ya kukagua ikasema 78% imeandikwa na AI. Sifuri. Nimeenda ofisini mara tatu naambiwa kompyuta haidanganyi. Yaani kile kinachotunga vitabu tunaambiwa kinadanganya sana, kinachokamata watu ndio hakidanganyi? Mwisho nikaenda na daftari lenyewe, kurasa zina mafuta ya chipsi na michoro ya kila kitu, ndio lekchara akasoma, akanirudishia maksi zangu. Muhula mzima nimeishi kwa presha. Kwa hiyo Kalamu nyekundu na wenzako mjitafakari na nyie.

Kalamu_nyekundu:

Kijenge sibishani na wewe hata kidogo. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa kikaguzi chao mapema 2023 na Julai mwaka huohuo wakakifunga kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Na watafiti wa Stanford mwaka huo walivijaribu vikaguzi saba kwa insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, zimeandikwa na watu ambao Kiingereza sio lugha yao, kwa wastani zaidi ya nusu zikahesabiwa ni za mashine. Insha za watoto wa shule wa Marekani zikapita karibu zote. Sababu ni rahisi, sisi tunaojifunza Kiingereza darasani tunatumia maneno yaleyale ya kawaida na sentensi salama, na hicho ndicho kikaguzi kinachokitafuta. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kitanzania anaanza mchezo kafungwa goli moja.

Na watu wanachanganya, asilimia ya kufanana ya Turnitin, ile programu ya kukagua kazi, ni kitu kingine na ile ya AI ni kingine. Ya kwanza inakuonyesha maneno yako yanafanana na maandishi gani, inaweza kupanda kwa sababu tu ya orodha ya rejea na nukuu. Ya pili ni makadirio, hakuna chanzo cha kulinganisha nacho. Mimi asilimia siiwekei sifuri. Namwita mtu, namuuliza aya ya tatu ulimaanisha nini. Dakika nne zinatosha, aliyeandika hata akitetemeka atakwambia, wakati mwingine anakwambia zaidi ya alichoandika.

Ila pole kwa hiyo mara tatu. Na daftari la chipsi litunze.

chalii_wa_sakina:

Kumbe kuandika vibaya kama mimi ndo usalama, mama yangu alikuwa sahihi kunizaa hivi

Rau_madukani:

MREJESHO wakuu, samahani nimechelewa, Alhamisi nilitoka nikalala mpaka Ijumaa.

Jumanne tulikaa kundi zima kwenye geto la jamaa huko Pasua. Tulienda na hasira, kumbe mwenzetu mkopo hakupata, usiku anaendesha bodaboda ya mjomba wake, kile kipande alikiandika akiwa kijiweni anasubiri abiria. Hilo halikufuta kosa lakini hasira ziliisha. Jumatano tukashinda maktaba, rejea nne tukazifuta, tukapata mbili za kweli, moja kitabu kina vumbi mpaka nilipiga chafya.

Alhamisi nikaingia wa tatu. Nikamwambia mwalimu kabla hujaniuliza naomba niseme, kile kipande nilijua sio cha mwenzetu na nilikibandika. Kanyamaza. Akauliza 1976, nikaeleza, na 1982, na kwa nini wakulima walikuwa na uchungu, hapo sikusoma kwenye simu, bibi yangu mzaa baba ndo aliniambia Jumatano usiku kwa simu, kumbe babu alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi na sikuwahi kuuliza. Halafu likaja lenyewe. "AI unatumia?" Ndiyo. "Nionyeshe."

Nikampa simu. Jamani alisoma muda mrefu!! Anapandisha juu anashusha chini, mimi naangalia dirisha. Alipofika kwenye 5,956,000 akachukua kalkuleta yake mezani, akapiga, akacheka peke yake. Akaniuliza nani kanifundisha kukiuliza hivyo, nikamwambia dada wa mwaka wa tatu. Kaandika kitu kwenye kidaftari chake.

Hukumu sasa. Kazi tunarudia wiki moja, maksi haziwezi kuzidi nusu. Wenzangu wamekatwa sawa. Mimi nimekatwa mbili zaidi ya wao, hata zaidi ya baadhi ambao hawakusoma neno la kazi ile, kwa sababu wao hawakujua na mimi nilijua. Nilitoka nimenuna mpaka stendi. Bado sijui kama ni haki, nimegeuzageuza sana.

Jamaa yeye kaambiwa kipande chake akiandike upya kwa kumhoji mzee yeyote aliyeuza kahawa miaka ya sabini, "una pikipiki, huna kisingizio." Kaenda Kibosho Jumamosi, karudi na kurasa nane za daftari na harufu ya mbege. Kurasa nzuri balaa.

Kalamu_nyekundu:

Mbili zaidi hata mimi ningekukata. Pole na hongera.

Mama_wa_Tengeru:

Mwambie bibi yako arekodiwe, mwanangu, mapema.

chalii_wa_sakina:

Sista utani pembeni, mimi nina testi ya kostingi Jumatatu na hali ni mbaya, hayo maneno unayokiambia kikuulize hebu yabandike hapa

Rau_madukani:

Haya chukua, mimi naweka hivihivi, wakati mwingine nachanganya na Kiingereza kinaelewa tu:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu Tanzania. Nataka kujipima mada ya (andika mada). Niulize swali moja tu kwa wakati, anza na rahisi. Usinipe jibu hata nikiomba. Nikikosea usiniambie sahihi ni nini, niulize swali dogo litakalonionyesha nilipopotea. Nikipata, niambie nieleze kwa nini. Nikifikisha maswali kumi niambie mada ndogo gani mbili niko dhaifu ili nikazisome kwenye hendauti."

Hendauti yenu ipige picha uipe AI ndo iwe inauliza kutoka humo, ukiiachia italeta mambo ya Marekani, kodi za huko na dola. Na kalkuleta pembeni.

chalii_wa_sakina:

nimejaribu. swali la kwanza nimekosa. la pili nimekosa. nimekiambia basi nipe jibu kikakataa. nimekiambia mimi ndo nalipa bando hapa kikasema kinaelewa hisia zangu halafu kikaniuliza tena swali lilelile. nimezima simu natafuta daftari, kuna mtu ana noti za wiki ya tano?